Mwaka Tuliosoma Programu kwa Sauti

Siku ya tatu baada ya mazishi ya Bi Zuhura, nyumbani kwake Kinondoni, pilau ikiwa imeshaliwa na masufuria yanasuguliwa uani, nilimsikia Fredi akiwachekesha vijana aliokuja nao. Fredi ni mkurugenzi siku hizi. Ana kitambi cha heshima na gari lenye dereva, na vijana wale ni wa kitengo chake cha kompyuta, wavulana kwa wasichana, vitambulisho vinawaning'inia shingoni hata msibani. Alikuwa anawasimulia tulivyofanya kazi enzi zetu. "Huyu mama, Mungu amrehemu, alikuwa kichwa," alisema. "Lakini alituchelewesha, jamani. Wenzetu wameshaingia dunia mpya, sie tumejifungia chumbani tunasoma kwa sauti kama watoto wa madrasa. Mwaka mzima ulipotea hivi hivi." Wakacheka kwa adabu, maana msiba ni msiba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kanga kichwani, natafuta viatu vyangu kwenye lundo la viatu vya wanawake, na damu ikanichemka kama si mtu wa miaka arobaini na kitu. Mwaka ule haukupotea. Nilikuwemo. Nitausimulia hapa kama ulivyokuwa, na atakayekereka na akereke.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya ghala la kampuni ya bidhaa za jumla, Mikocheni, kwenye ile mitaa ambayo nyumba ya mtu imepakana na karakana na karakana imepakana na kanisa. Sabuni za mche zilipangwa upande wa pili wa ukuta hadi juu, kwa hiyo harufu ya sabuni iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye chapati za saa nne. Hadi leo nikipita dukani penye harufu ile nageuka kumtafuta mtu wa kunikaripia. Kiyoyozi kilikuwa kimoja na kilidondosha maji kwenye ndoo, na ndoo tuliimwaga kwa zamu bila kujali cheo. Printa ilikaa pembeni kwenye meza yake ya chuma, ikitafuna zile karatasi ndefu za mistari ya kijani zenye matundu pembeni, na ilipoanza kulia hapakuwa na mazungumzo tena. Skrini zilikuwa za bluu zenye herufi nyeupe, na kazi yote ilifanywa kwa kibodi. Mausi zilikuwa zimenunuliwa na kampuni miaka kadhaa kabla sijafika. Ya Bi Zuhura ilikuwa kwenye droo, bado imo ndani ya nailoni yake, na nilipomuuliza kwa nini hajaifungua alinijibu kwamba hajaiona kazi yake. Kati yetu na ofisi ya meneja palikuwa na ukuta wa plaiwudi tu, na plaiwudi haijawahi kutunza siri ya mtu.

Bi Zuhura ndiye aliyekuwa mkuu wetu. Alitoka katika ukoo wa Waarabu wenye maduka ya siku nyingi, na angeweza kukaa nyuma ya kaunta ya baba yake akipima vitambaa hadi azeeke, lakini yeye alijifunza kompyuta zama zile mashine moja inajaza chumba, na programu zote za ghala na mauzo pale kampuni zilikuwa zimepita mikononi mwake. Alivaa buibui jeusi na saa ya kiume. Kahawa aliinywa chungu, kwenye kikombe kisicho na mkono, na kashata alituletea Ijumaa tu ili tusizizoee. Alikuwa na sheria moja. Hakuna badiliko lililoingia kwenye mashine kabla halijasomwa kwa sauti, mbele ya wote, kwa Kiswahili. Asubuhi kabla ya chai unachapa kurasa zako, unasimama, unasoma mstari kwa mstari kile ulichoiamuru mashine, kwa maneno ambayo karani wa kaunta au dereva wa lori angeyaelewa. Yeye anakusikiliza amefumba macho. Jambo likieleweka, anaitika, "Enhe." Ukisitasita, au ukichomeka Kiingereza ili upite, anasema, "Rudia." Hakulisema kwa hasira. Alilisema vile mwalimu wake wa chuo cha Kurani alivyomwambia alipokuwa mtoto, na rudia zikizidi, unakunja karatasi zako mpaka kesho.

"Mashine haielewi kitu," aliniambia wiki yangu ya kwanza. "Inatii tu. Wa kuelewa ni wewe, binti. Na kama huwezi kulisema, basi hujalielewa, umelinakili."

Nilimwona mzigo. Nilikuwa nimetoka chuo na kichwa kikubwa, nina mkataba wa majaribio wa mwaka mmoja, na nilijua mambo ambayo chumba kile kilikuwa hakijayasikia. Wenzangu niliosoma nao walikuwa wanaandika programu za dirisha na picha, wengine wameshaanza mambo ya mtandao, wananiuliza, "Eliwaza, nyie bado mko kwenye bluu?" Nilikuwa nadanganya. Nyumbani Mwananyamala, kwenye chumba tulichopanga wasichana watatu karibu na hospitali, nilikuwa nalala nikipiga hesabu ya lini Bi Zuhura atastaafu. Kila kitu kipya nilichokitaja aliniuliza maswali yale yale: kinamsaidia nani, kikikwama nani atajua, na nani atakisoma. Fredi, aliyenitangulia kwa miaka miwili na aliyetoka Mbeya na lafudhi yake alikuwa bado hajaipoteza, aliniambia nisijichoshe. "Huyu mama ukimpa feni mpya atauliza upepo unatoka wapi," alisema, na alikuwa anasema kweli. Leo watu wakisikia habari za ofisi kama ile wanadhani tulikuwa waoga wa vitu vipya. Woga haukuwemo. Tulikuwa wagumu, na mgumu si mwoga.

Wazo langu lilikuwa la meseji. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika hadi kwa muuza mkaa, lakini wenye maduka wa Buguruni, Temeke na Mbagala walikuwa bado wanaagiza mzigo kwa kumsimamisha dereva wetu na kumpa maneno, au kwa kuja wenyewe kaunta na kupoteza nusu siku. Nikasema, mwenye duka atume meseji, "sabuni tano, unga kumi," na kompyuta ipokee yenyewe, itoe oda, mzigo upakiwe. Nilifunga simu ya tochi kwa waya kwenye kompyuta yangu, nikaandika programu ya kuzisoma zile meseji, na siku oda ya kwanza ya majaribio ilipotokea kwenye skrini ya bluu nilipiga kelele mpaka karani wa kaunta akaja kuangalia kama nimeumwa na nge. Bi Zuhura aliitazama simu ile na waya wake kwa muda mrefu. Akasema ni jambo zuri sana. Kisha akasema, "Utatusomea lini?"

Wakati huo huo tulipata meneja mpya, Bwana Kiondo, kijana wa bara aliyekuja na tai na haraka. Simlaumu kwa haraka yake, nilikuwa nayo mimi pia. Aliingia chumbani kwetu asubuhi moja tukiwa katikati ya kusoma, Fredi amesimama na karatasi zake, akabaki mlangoni anashangaa. Alimwamkia Bi Zuhura shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akatuambia bila kuzunguka kwamba kuna kampuni inauza mfumo uliokamilika, wa kisasa, wenye kila kitu ndani, na kwamba ukinunuliwa hakutakuwa na haja ya kuwa na watu wa kuandika programu humu. "Lakini nimesikia mna kitu cha meseji," alisema. "Kikianza kufanya kazi kabla ya Ramadhani, kitengo kinabaki. Kisipoanza, mama, mtanisamehe." Ramadhani ndiyo msimu wetu, sukari na unga na tende zinaondoka kwa malori, na mwenye akili hawezi kuukosa. Bi Zuhura alimwambia amesikia. Bwana Kiondo alipotoka, mama akafumba macho, akamwambia Fredi aendelee pale alipoishia.

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo: kazi ya Bi Zuhura, ya Fredi na yangu zilikuwa zimening'inia kwenye simu ya tochi iliyofungwa waya, na mwenye simu nilikuwa mimi. Nilijiona mkombozi. Asubuhi ya kusoma kwangu nilivaa sketi ya kanisani, nikasimama na kurasa zangu bado zina joto la printa.

"Meseji ikiingia, chukua namba ya simu iliyoituma," nilisoma.

"Enhe."

"Itafute namba hiyo kwenye majina ya wateja."

"Enhe."

"Mwenye simu ndiye mwenye duka. Mzigo uende kwa," nikasema, na hapo nikanyamaza. Hakuna aliyenikatiza. Mdomo wangu mwenyewe ulikuwa umelisikia neno kabla ya kichwa.

Bi Zuhura alifungua jicho moja. "Rudia."

"Mwenye simu ndiye mwenye duka."

"Simu yako wewe ni ya nani?"

Fredi alianza kucheka kabla sijajibu, kwa sababu alijua. Kule Mwananyamala tulikuwa watatu na simu moja na laini moja, na aliyekuwa anaenda mbali zaidi siku hiyo ndiye aliyeondoka nayo. Mama yangu alishamwombea mwenzangu Happy baraka nyingi sana akidhani anaongea na mimi. Na nilijua kwamba Buguruni ni hivyo hivyo, maduka matatu yamepangana ukuta kwa ukuta yana simu moja, na laini inabadilishwa kila mtu akipata ofa, na simu yenyewe mchana iko kwa mtu wa kuchaji. Yote nilikuwa nayajua. Niliishi ndani yake. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta niliandika programu ya mji wa kwenye kitabu, mji ambao kila mtu ana simu yake mfukoni na jina lake juu yake, na kwa Kiingereza cha programu ilikuwa inapita vizuri tu bila kukwaruza popote. Ilipogeuka Kiswahili ndipo ilipokwama kooni. Niliwaka aibu, kisha niliwaka hasira, na hasira yenyewe ilikuwa kwamba nimekamatwa na kitu ambacho nimekidharau tangu siku ya kwanza.

Dawa tuliipata siku ile ile, tukila maharage na chapati za mama lishe juu ya karatasi za mistari ya kijani. Kila duka liwe na neno lake, mwenye duka alichague mwenyewe, na kila meseji ianze na neno hilo, iwe imetoka kwenye simu ya nani. Na kabla mzigo haujapakiwa, mashine irudishe meseji iseme, duka fulani limeomba kadhaa wa kadhaa, ni kweli? Rahisi kuisema. Kuifanya kulitaka mtu azunguke duka kwa duka. Bi Zuhura alinituma mimi na Fredi, na nilinung'unika njia nzima kwenda Buguruni kwamba Ramadhani haitusubiri.

Nayakumbuka matembezi yale kuliko nikumbukavyo harusi yangu. Tulikaa kwenye vibao vya mbele ya maduka, tukinunuliwa soda za moto, tunawaeleza watu wazima kwamba duka lao linahitaji neno. Walilipokea jambo hili kwa uzito ambao sikuutegemea. Muuza duka mmoja alituambia turudi kesho, lazima ashauriane na mkewe. Mwingine akachagua "Subira," na jirani yake, aliyekuwa na ugomvi naye, papo hapo akachagua "Haraka." Mama Pili, mjane mwenye kiduka cha bati nyuma ya soko, aliyekuwa anatumia simu ya duka la jirani yake, alifikiri sana huku anapima mafuta ya taa kwa kikopo. "Andika Sitaki Shari," alisema. Fredi akamwambia hayo ni maneno mawili. "Basi yaunganishe, baba, wewe si ndiye fundi," akamjibu, na mpaka tunaondoka alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba duka lake sasa lina jina kwenye kompyuta ya Mikocheni. Tulipofika mitaa ya Temeke nilikuwa nimeacha kunung'unika. Lakini mji ni mkubwa, miguu ni miwili, na Ramadhani ilikuwa inakuja.

Siku moja, nimebaki peke yangu chumbani wengine wamekwenda kula, nikasikia upande wa pili wa plaiwudi Bwana Kiondo anaongea na yule muuza mfumo, mtu mwenye sauti nzito na kicheko cha kukodi. "Hao wazee wa skrini ya bluu wanakuzungusha," muuzaji alisema. "Dunia haiwasubiri hao." Bwana Kiondo akasema mama ni mtu wa heshima na bodi inampenda. Kisha akasema, "Ila kuna binti mmoja pale ana akili. Nitamtumia." Nilibaki nimeshika kijiko. Sitaficha: moyo wangu ulifurahi kwanza. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na mtu mkubwa alikuwa amesema nina akili.

Aliniita kesho yake. Alinikaribisha kiti, akaniagizia chai ya maziwa.

"Programu yako ukiitumia meseji, oda inatokea?"

"Inatokea, bosi. Lakini bado tunazungukia ma—"

"Sijauliza habari ya bado. Inatokea. Basi Jumatatu iingize, ile ile ya mwanzo, simu moja duka moja. Hayo majina ya maduka mtayamalizia baadaye. Nywila unayo. Si lazima umsumbue mama."

"Haijapita, bosi. Haijasomwa yote."

"Nani kasema isomwe? Hii ni kampuni." Akashusha sauti, na akawa mpole kweli, si wa kuigiza. "Sikiliza, dada. Mie nakuona. Ukiiingiza Jumatatu, kitengo kinabaki, hakuna anayefukuzwa, na mama akistaafu kiti ni chako. Usipoiingiza, wale jamaa wanasaini na nyie wote mnaondoka. Sasa niambie, hapo nani anamsaidia mama, wewe au mie?"

Hilo ndilo swali lililonikaba, kwa sababu lilikuwa na haki ndani yake. Ningeweza kuwaokoa kwa kubonyeza vitufe vichache. Nilimfikiria Bi Zuhura na saa yake ya kiume. Nikamfikiria Mama Pili pia, Ramadhani imeanza, sukari yake imeshushwa kwa jirani mwenye simu na yeye amesimama mlangoni anatazama lori likiondoka, ana neno lake alilolichagua mwenyewe na neno halifanyi kazi. Nilijaribu kuisema ile sentensi kimoyomoyo pale kwenye kiti, mwenye simu ndiye mwenye duka, na haikupita.

"Siwezi, bosi," nikasema. "Nimejaribu kuisoma. Haisomeki."

Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama yake. "Unajua kwamba huna kazi?"

"Najua."

Sikuinywa ile chai. Nilirudi chumbani nikamweleza Bi Zuhura yote, na nilitegemea anisifu. Alichezea kikombe chake. "Umefanya ujinga mkubwa, mwanangu," alisema mwishowe. Kisha akafungua mkoba wake, akanipa kashata, na ilikuwa Jumanne.

Walisaini mkataba wa mfumo wa kununua. Fredi alibakizwa kwa sababu mfumo mpya ulihitaji mtu mmoja wa kuulea, na simlaumu, alikuwa na mtoto mchanga. Sisi wawili tukapewa barua za kuachishwa kazi. Hadi wiki ya mwisho Bi Zuhura alinituma Temeke na Mbagala kukusanya maneno yaliyobaki, na mimi nilikwenda. Nilimuuliza mara moja tu tunafanya hivi kwa ajili ya nani. "Uliianza," akanijibu.

Siku ya mwisho wabeba mizigo walikuwa wanatoa meza. Nilichapa kurasa zangu zote, programu nzima, kabla printa haijang'olewa kwenye umeme, nikaanza kusoma nimesimama, Fredi ameshika mkia wa karatasi usiburuzike chini. Bi Zuhura aliigeuza ile ndoo ya kiyoyozi kifudifudi akaikalia, akafumba macho. Nilisoma meseji inavyoingia. Nilisoma neno la duka linavyotafutwa, na lisipopatikana mtu aulizwe kwa upole arudie, na mzigo usiondoke mpaka mwenye duka akubali. "Enhe," alisema. "Enhe." Watu wanapita na viti vyetu vichwani. Katikati Bwana Kiondo akatokea mlangoni, akatusikiliza kidogo, akasema, "Mama, mnafanya nini? Hiyo haitatumika."

"Tunamaliza kazi, baba," Bi Zuhura alimjibu bila kufungua macho.

Akaondoka. Nikasoma hadi ukurasa wa mwisho, na hakuna mahali hata pamoja aliponiambia nirudie. Nilipofika mwisho akasema, "Iko tayari," kama anavyoweza kusema mtu wali umeiva. Akasimama, akafungua droo ya meza iliyokuwa inasubiri kubebwa, akatoa mausi yake ndani ya nailoni, akampa Fredi. "Wewe utaihitaji," alimwambia. Fredi alilia. Hilo hakuwasimulia vijana wake.

Sasa najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme kwamba mfumo ule wa kununua ulianguka, malori yakapotea njia, Bwana Kiondo akaja kutupigia magoti. Haukuanguka. Ulifanya kazi. Makarani waliuzoea, kampuni ikakua, na meneja akapanda cheo. Sikuhitaji uanguke ili niwe na haki mwaka ule, na sihitaji leo. Mfumo ulitaka kila duka liwe na namba yake ya simu, basi. Maduka matatu yenye simu moja yaliambiwa yachague mmoja wao. Pale nyuma ya soko la Buguruni akabaki jirani, na Mama Pili akawa ananunua kwa jirani kwa bei ya jirani, mpaka alipofunga akaanza kuchoma vitumbua. Nilivila. Vilikuwa vizuri. Mikocheni hakuna aliyejua, kwa sababu mashine inaonyesha waliomo, haionyeshi waliotoka, na hapakuwa tena na mtu wa kusimama asubuhi aseme kwa mdomo wake, mwenye simu ndiye mwenye duka, akajisikia.

Mimi nina ofisi yangu Temeke sasa, vyumba viwili juu ya duka la vipuri, naandikia wenye maduka ya jumla programu. Nina vijana, na vijana wangu wana mashine mpya hizi unaiambia unachotaka nayo inakuandikia kurasa na kurasa wewe unakunywa maji. Sizikatazi. Nimezinunua mwenyewe. Lakini asubuhi kabla ya chai mtu anasimama na kusoma kwa Kiswahili, awe ameandika yeye au imeandika mashine, na mimi nafumba macho. Wateja wananiambia niko taratibu. Watoto wa mjini wananiita Mama Rudia nikiwa sipo, na nikiwepo pia. Asiyetaka kusubiri, mji huu una ofisi nyingi.

Hayo yote nilikuwa nayo kifuani pale mlangoni Kinondoni nilipopata viatu vyangu hatimaye, cha kulia chini ya ndala za watu. Nikavivaa, nikavuka ua. Vijana waliniamkia shikamoo mmoja mmoja. Fredi alifungua mikono, "Eli, dada yangu," tukakumbatiana, tukapeana pole. Kisha akauona uso wangu.

"Usianze, Eli. Leo msiba."

"Sianzi. Nauliza tu. Siku hizi pale kwenu nani anaamua duka gani lipelekewe mzigo kwanza na lipi lisubiri?"

"Mfumo," akasema. "Unajifunza wenyewe, dada. Mambo mapya haya."

"Duka likirukwa, limerukwa kwa nini?"

"Aa, pale kuna modeli, inampa kila kastoma skoo yake, halafu kwenye ile skoo ina—"

"Kwa Kiswahili, Fredi."

Vijana walicheka, wakatutazama, wakaacha. Fredi aliangalia ndani ya nyumba, kule wanawake walikokuwa wamekaa mikekani na kanga zao, kwenye chumba kile ambamo hamkuwa na mtu wa kumsikiliza tena. Akaweka glasi ya sharubati juu ya ukuta. Akavua miwani. Akafumba macho, mkurugenzi mzima, mbele ya watu wake.

"Duka likiomba mzigo," alianza, na lafudhi ya Mbeya ilikuwa imerudi, "mashine inatazama duka hilo limekuwa likinunuaje. Kisha inatazama... ikiona kwamba..." Akasita. Midomo ilikuwa inatafuta. "Ikiona kwamba duka hilo..."

Nikavuta kiti cha plastiki, nikakaa mbele yake, mkoba magotini.

"Rudia," nikamwambia.